Namba Hasi ya Asher Peres

Mwaka 1996 jarida la Physical Review Letters lilichapisha makala ya kurasa tatu tu. Mwandishi wake, Asher Peres wa chuo cha Technion mjini Haifa, hakuwa na mtambo wa kuonyesha wala rundo la vipimo. Alikuwa na jedwali la namba. Aliligeuza nusu, kisha akatazama kama limezaa namba hasi. Likizaa, chembe mbili zinazoelezwa na jedwali hilo zimefungamana, hakuna ubishi. Ukiisoma leo unajiuliza ilikuwaje jambo jepesi hivyo lisubiri miaka sitini na moja tangu mfungamano upewe jina.

Jina hilo alilitoa Erwin Schrödinger mwaka 1935, mwaka uleule ambao Einstein, Podolsky na Rosen waliandika makala yao maarufu ya kuilalamikia fizikia ya kwantamu. Chembe mbili zilizotoka chanzo kimoja, tuseme fotoni mbili, zaweza kupelekwa mbali na bado majibu ya vipimo vyake yakaoana kwa namna ambayo hakuna makubaliano ya awali yangeweza kuileta. Siku hizi jambo hilo halijadiliwi kama kioja tu. Ni mtaji. Ndilo linalotumika kuhamisha hali ya chembe kutoka mahali hadi mahali bila chembe yenyewe kusafiri, na kutunga funguo za siri ambazo mdukuzi hawezi kuzinakili bila kuacha alama.

Shida ni kwamba mtaji huu huharibika upesi. Fotoni ikipita ndani ya uzi wa kioo, au ioni ikiguswa na joto kidogo, mfungamano hufifia. Kinachomfikia mpokeaji ni mchanganyiko wa jozi njema na takataka. Hapo ndipo ufundi ninaotaka kuusifu unapoanza, nao una kazi mbili: kujua kama ndani ya mchanganyiko ule mfungamano bado upo, na kama upo, kuutoa ukiwa safi.

Vitabu vya fani hii huwapa wahusika wake wawili majina ya Alice na Bob. Sisi tuwaite Asha na Bakari, maana herufi za mwanzo ni zilezile. Kila mmoja yuko kwenye maabara yake, ana nusu yake ya jozi, na wana simu. Simu tu. Hawawezi kutumiana chembe nyingine. Jozi isiyofungamana ni ile ambayo wangeweza kuitengeneza wenyewe katika hali hiyo, kila mtu mezani kwake, wakielekezana kwa simu. Ufafanuzi huo ulipata sura yake ya sasa kwa Reinhard Werner mwaka 1989. Jozi yoyote isiyoweza kutengenezwa hivyo imefungamana. Maneno ni mepesi, lakini jaribu kuyatumia: utathibitishaje kwamba hakuna njia hata moja, kati ya njia zisizo na idadi, ambayo Asha na Bakari wangeifuata?

Kabla ya Peres kifaa kilichojulikana zaidi ni kile cha John Bell cha mwaka 1964, kilichonolewa mwaka 1969 na Clauser, Horne, Shimony na Holt. Unapima pande zote mbili kwa namna nne, unajumlisha majibu kwa kanuni yao, na makubaliano ya kawaida hayawezi kuvuka 2. Jozi safi iliyofungamana hufika mara mbili ya mzizi wa 2, yaani kama 2.83. Majaribio ya aina hiyo ndiyo yaliyowapa Clauser, Alain Aspect na Anton Zeilinger Tuzo ya Nobel ya mwaka 2022. Ni kifaa chenye heshima, lakini kwa kazi ya kupekua ni kizito. Werner alionyesha, katika makala ileile ya 1989, kwamba zipo jozi zilizofungamana ambazo mizani ya Bell haiziinui kabisa.

Tuchukue jozi ya namna hiyo na tuishike mpaka mwisho. Changanya asilimia 60 ya jozi safi, ile ambayo Asha akipata 0 Bakari hupata 1, pamoja na asilimia 40 ya fujo tupu. Matriki yake, yaani jedwali linaloeleza kila kitu kinachoweza kujulikana kuihusu, lina namba kumi na sita:

0.1   0   0   0
0   0.4   −0.3   0
0   −0.3   0.4   0
0   0   0   0.1

Ukiipeleka kwenye mizani ya Bell na wenzake, utapata 0.6 mara 2.83, yaani karibu 1.70. Haifiki 2. Mizani imenyamaza.

Sasa fuata mkono wa Peres. Jedwali halali la kwantamu lina sharti moja kubwa: thamani zake za ndani, zile ambazo hesabu ya matriki hukuwezesha kuzikokotoa, haziruhusiwi kuwa hasi, kwa sababu zinasimama mahali pa uwezekano. La kwetu lina 0.7, 0.1, 0.1 na 0.1. Ukijumlisha unapata 1, kama inavyopaswa. Ukiligeuza jedwali zima, safu mlalo ziwe safu wima, thamani hizo hazibadiliki. Peres akauliza: je, nikigeuza upande wa Bakari peke yake, upande wa Asha nikauacha ulivyo? Kama jozi ilitengenezwa kwa simu, jedwali lake ni mchanganyiko wa majedwali ya Asha yaliyozidishwa na ya Bakari. Kugeuza la Bakari kunatoa jedwali lingine halali la Bakari, kwa hiyo jumla nzima inabaki halali. Namba hasi haina mlango wa kuingilia. Ikionekana, ile dhana ya kutengenezwa kwa simu imekufa.

Katika mfano wetu, kugeuza nusu kunazihamisha zile −0.3 mbili kutoka katikati hadi pembeni:

0.1   0   0   −0.3
0   0.4   0   0
0   0   0.4   0
−0.3   0   0   0.1

Thamani za ndani sasa ni 0.4, 0.4, 0.4 na −0.2. Hiyo hapo. Jumla bado ni 1, lakini mojawapo imezama chini ya sifuri, na jozi ambayo mizani ya Bell ilishindwa kuisemea imekamatwa kwa hesabu inayotosha nyuma ya bahasha. Mwenye kalamu ajaribu kupunguza ile asilimia 60 kidogo kidogo. Namba hasi itapanda, na itagusa sifuri sawasawa kwenye theluthi moja.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba tendo lenyewe haliwezekani maabara. Hakuna kioo, leza wala sumaku inayoweza kugeuza nusu ya jozi namna ile. Kama ingekuwepo, ingezalisha uwezekano hasi, na hilo halina maana. Lipo kwenye karatasi tu. Peres alitumia tendo lisilowezekana kupambanua yanayowezekana.

Huko Gdańsk, kaskazini mwa Poland, makala hiyo iliangukia mikononi mwa familia moja. Ryszard Horodecki na wanawe Michał na Paweł waliona kwamba hila ya Peres ni jani moja la mti mkubwa. Kuna jamii nzima ya matendo ya hesabu ambayo yakitumika kwenye jedwali la mtu mmoja hayaleti namba hasi, lakini yakitumika kwenye nusu ya jozi yanaweza kuileta. Walithibitisha, mwaka uleule wa 1996, kwamba jozi haijafungamana pale tu inapolipita kila tendo la jamii hiyo bila kuzaa hasi. Halafu wakafungua kabati la hesabu za zamani. Mwaka 1963 Erling Størmer wa Norwei, na mwaka 1976 Stanisław Woronowicz wa Poland, walikuwa wameonyesha, kwa sababu zisizohusiana kabisa na mfungamano, kwamba katika mifumo midogo matendo yote ya aina hiyo hujengwa kutokana na kugeuza safu. Maana yake: kwa jozi ambayo kila upande una majibu mawili, au upande mmoja mawili na mwingine matatu, kipimo cha Peres hakikosei. Hasi ikikosekana, mfungamano haupo. Kwa mifumo mikubwa zaidi, walitahadharisha, kimya chake si ushahidi.

Naipenda tahadhari hiyo kuliko hata uthibitisho wenyewe. Fundi anayekuambia patasi yake inaishia wapi ndiye wa kumpa mbao.

Kazi yao ilizaa pia kifaa ambacho watu wa maabara walikishukuru. Barbara Terhal alikiita shahidi, na jina likashika. Jozi zote zisizofungamana, ukizitazama kijiometri, ni umbo lisilo na mabonde wala mashimo. Kwa hiyo kitu chochote kilicho nje ya umbo hilo kinaweza kutengwa nalo kwa ukuta ulionyooka. Shahidi ni ukuta huo, na unapimika. Kwa jozi yetu shahidi ni nusu moja ukitoa sehemu ya jozi safi iliyomo, ile thamani ya ndani ya 0.7 (asilimia 60 pamoja na kidogo kilichomo ndani ya fujo yenyewe), yaani 0.5 − 0.7, na jibu ni −0.2, namba ileile ya Peres. Kulijua jedwali zima kungehitaji Asha na Bakari wapange vifaa vyao kwa namna tisa tofauti. Shahidi anahitaji tatu. Wanapima kwa pamoja kwenye uelekeo mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, na kila mara wanapata uwiano wa −0.6. Hesabu imekwisha.

Kazi ya pili, ya kusafisha, ni ya jasho. Wachimbaji wadogo wa Geita wanajua kuchenjua maana yake nini: unasaga mawe mengi, unaosha sana, unabaki na kidogo. Mbinu ya kuchenjua mfungamano ilichapishwa mwaka huohuo wa 1996 na Charles Bennett, Gilles Brassard, Sandu Popescu, Benjamin Schumacher, John Smolin na William Wootters. Sharti lao lilikuwa kali: Asha na Bakari wabaki na simu yao tu, asiongezewe mtu jozi safi hata moja.

Wanachukua jozi mbili chafu zinazofanana, wakiwa wamezigeuza kwanza ziwe za aina ambayo majibu hulingana badala ya kupingana. Asha anazikutanisha nusu zake mbili kwa tendo linaloigeuza nusu ya pili ikiwa ya kwanza ni 1, na Bakari anafanya vivyo hivyo kwake. Kisha kila mmoja anapima nusu yake ya jozi ya pili, na jozi hiyo inakufa hapo. Wanapigiana simu. Majibu yakilingana, wanaitunza jozi ya kwanza. Yakitofautiana, wanaitupa nayo pia. Jozi ya pili imetolewa kafara ili ya kwanza iulizwe swali bila kuguswa.

Kwa jozi yetu, ambayo usafi wake, yaani ile sehemu ya jozi safi iliyomo, ni 0.7, majibu hulingana mara 68 katika 100, na jozi inayosalia ina usafi wa 0.735. Faida ndogo! Rudia kwa zilizosalia, unapata 0.773. Rudia tena, 0.812. Mzunguko wa nne unafikisha 0.849, na ukihesabu zilizotolewa kafara na zilizotupwa, jozi moja ya usafi huo imekula jozi 57 za mwanzo. Anayeanza na usafi wa nusu kamili atazunguka mpaka achoke bila kupanda hata kidogo. Na usafi wa nusu kamili, ambao ni ule mchanganyiko wa theluthi moja tuliouona, ndio hasa mahali ambapo namba hasi ya Peres hugusa sifuri. Kwa jozi za aina hii kugundua na kuchenjua vinaanzia mstari mmoja.

Kuzunguka hivi peke yake hakufikishi usafi kamili. Kwa hiyo Bennett na wenzake walikuwa na mbinu ya pili, ya kuchukua lundo kubwa la jozi kwa mpigo na kuliuliza maswali ya bahati nasibu mpaka makosa yote yajulikane. Mbinu hiyo inatoa jozi karibu timilifu, lakini haianzi kulipa mpaka usafi uvuke 0.811 hivi. Mzunguko wetu wa tatu umeuvuka kwa unywele. Je, tubadili mbinu pale pale? Nilikaa nikapiga hesabu. Ukibadili baada ya mzunguko wa tatu, kila jozi timilifu itakugharimu karibu jozi 4,900 za mwanzo. Ukivumilia mzunguko mmoja zaidi, itakugharimu kama 380. Uvumilivu wa hatua moja umepunguza gharama zaidi ya mara kumi, na hakuna kitu ndani ya hatua ile chenyewe kinachokudokezea hivyo. Lazima utazame kazi nzima.

Haya si ya makaratasi tu. Mwaka 2017 watafiti wa Delft, Uholanzi, walichenjua mfungamano kati ya vituo viwili vilivyotumia kasoro ndogo ndani ya almasi kama hifadhi ya chembe zao.

Familia ya Gdańsk ilikuwa haijamaliza. Mwaka 1997 Paweł alitoa mifano ya jozi zilizofungamana ambazo kipimo cha Peres hakizioni. Mwaka uliofuata watatu hao wakaonyesha jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la ajabu kuliko yote humu: jozi za aina hiyo hazichenjuliki kamwe. Chochote Asha na Bakari watakachofanya kwa simu hakiwezi kuzaa namba hasi pale ambapo haikuwepo, na jozi safi inayo. Kwa hiyo upo mfungamano ambao unagharimu mfungamano kuutengeneza, lakini haukurudishii hata chembe yake.

Mfano mzuri kuliko yote wa jozi hizo ulitoka mwaka 1999, kwa Bennett, David DiVincenzo, Tal Mor, Peter Shor, Smolin na Terhal, nao waliuita vigae. Kila upande sasa una majibu matatu, hivyo chora mraba wa vyumba tisa, safu za Asha na nguzo za Bakari. Tandaza vigae vinne vya vyumba viwili viwili kuzunguka chumba cha katikati, kila kimoja kikiwa na alama ya kujumlisha kwenye chumba kimoja na ya kutoa kwenye kingine. Kigae cha tano kinafunika mraba wote kwa alama za kujumlisha. Vigae hivyo ni hali tano, kila moja ni hali ya Asha kando ya hali ya Bakari bila mfungamano wowote, na kila mbili zinatofautishika kabisa. Nafasi nzima ina vipimo tisa, kwa hiyo vinabaki vinne. Swali: ndani ya vinne hivyo, kuna hali yoyote isiyofungamana?

Jibu linapatikana kwa kuhesabu vidole. Hali kama hiyo ingepaswa kuwa mbali kabisa na vigae vyote vitano, na kila kigae lazima kikataliwe ama na upande wa Asha ama na upande wa Bakari. Vitano vikigawanywa kwa watu wawili, mmoja wao anapata angalau vitatu. Lakini vigae vimepangwa kwa ustadi hivi kwamba vitatu vyovyote, ukitazama upande mmoja, vinajaza nafasi yote ya vipimo vitatu ya mtu huyo, na hakuna kinachoweza kuwa mbali na nafasi nzima. Basi hali hiyo haipo. Changanya kwa usawa vile vipimo vinne vilivyobaki na umepata jedwali ambalo bila shaka limefungamana. Na ukigeuza upande wa Bakari? Vigae havina namba za kufikirika, kwa hiyo havibadiliki, na jedwali linabaki lilivyo. Hasi hakuna. Mfungamano umethibitishwa na kipimo kimezibwa mdomo katika hoja ile ile, bila hata kulikokotoa jedwali.

Peres mwenyewe alidhani jozi zisizochenjulika hazitaweza kamwe kuvuka mpaka wa Bell. Mwaka 2014 Tamás Vértesi na Nicolas Brunner waliona moja inayouvuka. Na Leonid Gurvits alikwisha kuonyesha mwaka 2003 kwamba, kwa mifumo mikubwa kwa jumla, kuamua kama jedwali limefungamana ni tatizo gumu la kiwango ambacho hakuna programu ya haraka inayotarajiwa kulimaliza. Kwa hiyo kila kifaa kitaendelea kuwa cha sehemu, na kazi ya kutengeneza vingine haitakwisha.

Kazi moja imelala mezani tangu mwisho wa miaka ya tisini. Tunajua kwamba jedwali lisilo na namba hasi ya Peres halichenjuliki. Je, kila lililo nayo linachenjulika? Kwa majibu mawili kila upande, ndiyo, na walioonyesha ni walewale Horodecki. Kwa majibu matatu, watu wengi wanashuku kwamba siyo, na jozi za kushukiwa zimeshatajwa kwa majina, lakini uthibitisho haupo, wa kukubali wala wa kukataa. Mwaka 2020 Paweł Horodecki, Łukasz Rudnicki na Karol Życzkowski waliliweka swali hilo katika orodha yao ya matano yasiyojibiwa ya fani nzima. Bado liko wazi.